Mbuzi wa Kurudi

Mwezi uliopita nilirudi Kakuma kutafuta cheti changu cha ubatizo. Ofisi ya pasipoti ilikuwa imeona kwamba karatasi zangu mbili hazikubaliani kuhusu mahali nilipozaliwa, na ilitaka karatasi ya tatu iamue. Karatasi zote za ukoo wetu hukaa katika sanduku la bati la bibi, chini ya kitanda cha shangazi yangu, ambaye ndiye aliyebaki kwenye boma. Nililivuta hadi nje kwa sababu nyumba ya mabati wakati wa mchana haikaliki, nikalifungua kivulini. Harufu iliyotoka unaijua, rafiki yangu, hata kama bibi yako alikuwa wa mahali pengine: tumbaku, mafuta ya zamani, ngozi na vumbi. Cheti kilikuwepo. Chini ya cheti kulikuwa na gauni.

Lilikuwa gauni la kitenge la rangi ya machungwa, lenye ndege wa buluu, kimo cha mtoto wa miaka sita au saba. Nilipolikunjua niliona upindo wake. Ulikuwa mpana kama kiganja cha mtu mzima, umekunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa mishono mirefu mirefu, ile ambayo fundi huiweka akijua kwamba ataifumua mwenyewe. Haikuwahi kufumuliwa. Nilikaa palepale chini, gauni mapajani, na ile hesabu niliyoiacha Lodwar ikanirudia yote kwa mara moja, kama mbuzi wanaporudi jioni na kujazana mlangoni.

Hesabu yenyewe ni ya safari. Mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto Australia mwezi wa Desemba. Sisi si matajiri. Yeye anafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Lodwar, mimi nakusanya habari za kituo kidogo cha redio, na pesa tulizo nazo tumeziweka kidogo kidogo katika chama cha akiba, kama mtu anayekinga mvua kwa kikombe. Binti yetu ana miaka sita. Mdogo wake wa kiume atatimiza miwili katikati ya Januari, na hapo ndipo kamba inapokaza. Mtoto ambaye hajafika miaka miwili husafiri mapajani mwa mama yake kwa nauli ndogo. Akishafika, anahitaji kiti chake mwenyewe, hata kama miguu yake inaishia katikati ya hewa. Kwa hiyo ni Desemba hii, na ni lazima tuwe tumerudi kabla ya siku yake ya kuzaliwa, au tusahau kwa miaka kadhaa.

Tungeweza kusahau. Watu wengi husahau safari za namna hii na hawafi. Lakini tunakwenda kumwona mwanamke aliyeshona gauni lile. Aliwahi kuwa jirani yetu Kakuma. Binti yake ameniandikia kwamba sukari imeingia machoni mwa mama, na kwamba siku hizi anatambua watu kwa sauti kwanza, kisha kwa uso.

Kila jioni baada ya chakula mume wangu hutandika mkeka uani na kupanga vifuniko vya soda. Kila kifuniko ni kiasi fulani cha pesa. Safu ya kwanza ni tiketi, na hiyo ndiyo ndefu. Ya pili ni viza. Ya tatu ni kwenda Nairobi sisi sote wanne kwa ajili ya alama za vidole, kulala huko na kurudi. Ya nne ni bima. Kulikuwa na safu ya sweta na soksi nzito mpaka nilipomwambia kwamba Desemba ya kule ni kiangazi, joto lake halina tofauti kubwa na letu. Alifurahi kama mtu aliyeokota pesa barabarani. Mtoto mdogo hupita katikati ya hesabu hiyo kama ng'ombe katika shamba la mtu, na jioni moja alitia bima mdomoni. Tulipoitoa, mume wangu aliifuta kwenye shati, akairudisha mahali pake, na kusema kwamba angalau tumejua ni nani anaihitaji zaidi.

Tulicheka, lakini kila jioni mwisho wa mkeka ulikuwa uleule. Ilibaki safu ya mwisho, ya hoteli na gari la kukodi, na vifuniko vilikuwa vimekwisha. Vilivyosalia ni vichache nilivyokuwa nimevitenga pembeni, karibu na goti langu. Mume wangu alivitazama siku kadhaa. Halafu akanyoosha mkono.

"Hivi navyo?"

"Hivyo ni vya kurudi."

"Mama watoto, tiketi ni ya kwenda na kurudi. Tumeshailipia kwenye safu ya kwanza."

Kwa hisabati hakukosea. Nilivifunika kwa kiganja. Yeye ni mtu wa upande wa Kitale, alikulia kwenye mahindi, na hakumjua bibi yangu. Wewe nitakueleza.

Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka yangu mdogo tulilelewa na bibi, kwa sababu mama alikuwa mpishi katika shule ya bweni mbali na nyumbani. Tulimwita Ata, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Boma letu lilikuwa ukingoni mwa mji wa Kakuma, karibu na mto wa mchanga, na ng'ambo ya mto huo ndipo nyumba za kwanza za kambi ya wakimbizi zilipoanzia. Asubuhi ilianza kwa punda, ikafuata adhana, ikafuata kengele ya kanisa, kisha kelele ya madumu matupu yakigongana kwenye foleni ya maji. Kazi yangu ilikuwa kushika nafasi katika foleni hiyo, na kazi ya kaka yangu ilikuwa kulala juu ya dumu ili lisiibwe. Bibi alikamua mbuzi na kuhifadhi maziwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi wa kuni, nasi tulikunywa maziwa yenye ladha ya moshi tukiamini kwamba maziwa yote duniani yako hivyo. Baadaye alijitwika kuni na kuvuka mto kwenda kambini kubadilisha na unga.

Huko ndiko alikompata jirani. Alikuwa mama Mkongo, fundi wa cherehani ya miguu, aliyesema batu badala ya watu na kucheka kabla ya kumaliza sentensi. Alipokuja alikuwa na mtoto mchanga na maziwa yamekauka kifuani. Bibi alimtazama siku moja tu. Tangu kesho yake, kabla ya kuni, alivuka na kikombe cha maziwa ya mbuzi kilichofunikwa kwa jani, na aliendelea mpaka yule mtoto alipoanza kula ugali. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha. Bibi alisalimu "ejok", jirani akajibu "ejok", na mengine yote waliyamaliza kwa mikono. Binti mkubwa wa jirani alikuwa rika langu. Tulikaa chini ya ile cherehani tukiokota vipande vya vitambaa, na mama yake alitukaangia mikate midogo ya unga wa msaada, ya moto, iliyoacha mafuta kwenye vidole mpaka usiku.

Kwenda nchi za ng'ambo, kwetu sisi, lilikuwa jambo la kila siku na tena la kutisha. Majina ya wakimbizi waliopewa nafasi huko yalibandikwa kwenye bodi. Wiki fulani basi lilikuja, likabeba familia nzima zikiwa zimevaa nguo mpya, likaenda nazo uwanja wa ndege. Tulikimbia nyuma ya vumbi tukipunga mikono. Nilijua watu wengi waliokwenda Marekani, Kanada na Australia. Sikujua hata mmoja aliyerudi. Kwa hiyo mwalimu wetu wa darasa la pili alipotueleza maana ya likizo, nilishangaa.

Mwalimu huyo alikuwa na desturi ya kuandikisha insha kila shule inapofunguliwa, na kichwa kilikuwa kimoja tu: "Likizo yangu". Watoto wa wafanyakazi wa serikali waliandika kuhusu Kitale, Eldoret na Nairobi, ghorofa na bembea. Mimi niliandika kuhusu foleni ya maji. Mwalimu alisema insha yangu ni nzuri lakini haikuwa likizo, kwa sababu likizo ni kwenda mahali na kurudi. Nilimpelekea bibi maneno hayo kama yalivyo, nikiwa na uchungu. Aliendelea kusokota kamba. Baadaye alisema, "Kwenda ni kazi ya miguu. Kurudi ni kazi ya mbuzi." Nilidhani ananinyima. Kumbe alikuwa ameanza kupanga bajeti.

Kaka yake bibi alikaa Kataboi, karibu na ziwa, na hawakuwa wameonana tangu kabla ya mimi kuzaliwa. Bibi aliamua kutupeleka likizo ya Agosti, na alitenga mbuzi watatu. Sikumbuki kumsikia akitaja bei hata mara moja. Aliwataja kwa rangi. Mwenye madoa angeuzwa Kakuma, awe nauli ya lori, sukari, unga na tumbaku. Mweusi angesafiri nasi mpaka ziwani awe wa kaka yake, maana mtu haingii kwa kaka yake mikono mitupu. Wa tatu alikuwa dume aliyehasiwa, wa rangi ya majivu, mwenye masikio meupe. Huyo tungemwacha Lodwar kwa rafiki wa bibi, tumchukue wakati wa kurudi, tumuuze sokoni hapohapo, awe nauli ya kutufikisha nyumbani.

Nilimuuliza kwa nini asimuuze mapema akaziweka pesa kifuani. Alinitazama kama mtu asiyejua nimelelewa wapi. Pesa iliyo mkononi huombwa, alisema. Nawe unajua kwetu kulivyo: mtu akikuomba kitu ulicho nacho, humnyimi. Kuomba si aibu, aibu ni kuwa nacho ukasema huna. Angefika kwa kaka yake na nauli ya kurudi kifuani, shemeji angeomba, watoto wa kaka wangeomba, jirani wa kaka angeomba, na wote wangepata. Mbuzi aliye Lodwar hakuna mtu wa Kataboi anayemwona. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki yake, na ilikuwa na akili nyingi.

Jirani alipopata habari za safari alinishonea gauni kwa mabaki ya kitenge cha mteja. Aliacha upindo mkubwa kwa sababu, alisema, mtoto anakua na kitambaa hakikui. Alinipima magotini, akaangalia, akasema nikirudi kutoka ziwani nitakuwa nimeshiba samaki na nimerefuka, naye ataushusha. Binti yake aliniomba nimletee konokono wa ziwani. Niliondoka na ahadi hizo mbili.

Bibi hakuonyesha wasiwasi. Nimeujua baadaye, nilipokuwa na watoto wangu, kwa kukumbuka mikono yake. Njia nzima, juu ya lori la magunia, mkono mmoja ulishika kaka yangu kwenye ukosi na mwingine ulikuwa unagusa vitu kwa zamu: kibuyu cha maji, mfuko wa unga, kichwa changu, kibuyu, mfuko, kichwa. Lori lilipoharibika aliwapa watoto maji kwanza, akaloweka kitambaa na kujipangusa midomo yake, basi. Nilifikiri hana kiu.

Kuhusu ziwa sitasema mengi, maana wakati huu silo ninalolitafuta. Tulikula samaki waliochomwa na waliokaushwa mpaka ngozi zetu zikanuka samaki. Maji yalikuwa na ladha ya magadi na upepo ulivuma mchana kutwa ukitupiga mchanga miguuni. Kaka yake bibi, mzee mrefu mwenye kicheko cha kukohoa, alimtania bibi kwamba amekuja kuangalia kama amekufa ili arithi nyavu. Watu waliomba, kama bibi alivyosema wangeomba. Walipata sukari, walipata tumbaku, walipata hata shuka la kujifunika. Bibi alitoa kila kitu kwa moyo mweupe, kwa sababu kile kilichohitajika hakikuwepo. Niliokota konokono nikawafunga kwenye kipande cha kitenge. Wakati wa kuondoka, lori la samaki lilitubeba bure mpaka Lodwar, kwani dereva alikuwa mtu wa ukoo wa yule mzee.

Rafiki wa bibi alikaa karibu na mto Turkwel. Alitupokea vizuri mno. Maji ya kunawa yalikuja haraka, chai ilikuja na maziwa mengi, na watoto walitandikiwa ngozi laini. Mimi, ambaye tangu utoto nina tabia ya kuhesabu vilivyopo na visivyopo, nilizunguka boma lile lote. Hakukuwa na mbuzi mwenye masikio meupe.

Rafiki alisubiri bibi amalize chai. Akasema, "Mbuzi wako ametuheshimu."

Wazee wa upande wa mchumba walikuwa wamekuja kuzungumza mahari ya binti yake, bila taarifa ya kutosha. Mifugo yake ilikuwa mbali, upande wa vilima vya Lokitaung, ambako wanawe waliipeleka kufuata majani. Bomani kulikuwa na mbuzi mmoja tu. Kuwakalisha wakwe bila nyama ni kumwaibisha binti maisha yake yote. Kwa hiyo alimchinja mbuzi wetu wa kurudi, na uchumba ukakubaliwa.

Nilimtazama bibi nikingoja apige kelele. Aliuliza kama nyama ilitosha. Rafiki akasema ilitosha, na kwamba wazee walisifu mafuta. Bibi akasema, "Alikuwa na mafuta, ndiyo." Yakaisha. Ikaamuliwa kwamba tukae hapo mpaka vijana washuke na mifugo, bibi achague dume mwingine, ndipo twende.

Siku zikapita. Bibi na rafiki yake walikaa kivulini wakifuma vikapu vya majani ya mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi, na kuviuza kwa senti zilizoishia kwenye unga wetu sote. Sisi tulitafuna matunda ya mikoma yaliyo magumu kama mbao na matamu kama sukari guru, tukaoga mtoni, na mimi nilikuwa na furaha mpaka siku mtu wa lori kutoka Kakuma alipoleta salamu. Jina la jirani lilikuwa limebandikwa kwenye bodi. Basi lao lilikuwa la wiki ile.

Hapo ndipo nilipojua wasiwasi una ladha gani mdomoni. Rafiki wa bibi alikwenda mwenyewe barabarani kuwaomba madereva. Mmoja alikuwa amejaza, mwingine alitaka pesa mbele, na mwaka ule wa ukame hakuna aliyekuwa na pesa ya kumkopesha mwenzake. Nilisimama kando ya barabara na gauni langu, konokono mkononi, nikitazama kila vumbi lililokuja. Mifugo ilishuka baada ya siku ya basi kupita.

Tulipofika Kakuma nilivuka mto wa mchanga nikikimbia. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa kwa waya. Pale cherehani ilipokuwa, udongo ulikuwa na alama za miguu yake minne, na vipande vidogo vya nyuzi vilikuwa bado vimejipenyeza kwenye vumbi. Niliwamwaga konokono pale. Sikujua la kufanya nao.

Upindo haukushushwa. Gauni lilipoanza kunibana, shangazi alitaka kuushusha kwa wembe na sindano, bibi akakataa. Alisema atakayeufumua ni aliyeushona, akaliweka sandukuni. Nilimlaumu kwa miaka mingi, si kwa gauni, kwa mbuzi. Nilipokuwa msichana mkubwa niliyejua hesabu nilimwambia kwamba ule mpango wake ulikuwa mbovu, kwamba angeficha pesa kwenye soli ya kiatu tungewahi basi. Alikubali kwamba pengine tungewahi. Halafu akasema neno ambalo sikulielewa.

"Mbuzi anaweza kufa hata kama hakuchinjwa. Sikumwacha mbuzi pale. Niliacha nyumba itakayotungoja."

Na ni kweli walitungoja. Walitulisha katika njaa yao bila kuonyesha kuchoka, wakatupandisha lori kwa bei ya dume mnene kuliko yule wa kwanza. Mtu mwenye pesa kwenye soli, lori likimwacha, analala barabarani.

Hayo ndiyo niliyomweleza mume wangu niliporudi kutoka Kakuma na cheti na gauni. Alisikiliza akizungusha kifuniko kimoja kati ya vidole. Aliuliza, kwa upole, kama ninataka tupande ndege na mbuzi. Kisha tukazungumza vizuri, na ikatoka kwamba kilichokuwa kinamla yeye ni aibu. Safu ya hoteli na gari ilikuwa ya aibu. Kwao mgeni mwenye watoto wadogo haendi kumlemea mjane mgonjwa, ng'ambo, bila kujitegemea. Kwetu anayelipia hoteli mahali penye mtu wake amemtukana. Nilimwomba ruhusa ya kuomba kama tunavyoomba sisi, wazi, bila kuzunguka. Alikubali, akatoka nje ya chumba ili asisikie.

Nilirekodi ujumbe kwenye simu. Nilimwambia jirani kwamba tuna pesa ya kufika lakini hatuna ya kukaa, kwamba watoto ni wawili na mdogo analia usiku, na kwamba nikiishiwa nitamwomba tena. Jibu lilikuja asubuhi. Sauti ilikuwa nzito zaidi, ila bado ilicheka kabla ya sentensi kwisha.

"Eh, mutoto wangu. Unaniuliza mutalala wapi? Bwana yako umuambie hoteli ni ya batu benye hawana batu. Njia ya kurudi ikikataa, mutakaa kwangu mpaka ikubali. Bibi yako alivukaga ule muto kila asubui, aliniuliza bei? Na ile robe nilikushoneaga, kama iko, uilete. Macho inaona kidogo, lakini mukono inakumbukaga."

Mume wangu, ambaye kumbe alikuwa mlangoni, aliingia, akachukua safu ya hoteli akairudisha kwenye kopo. Vifuniko vyangu vya pembeni havikuguswa. Aliniuliza tu kama na wakwe zake wa ziwani wanatarajia aende kuomba nyavu.

Wasiwasi haujaisha, nisikudanganye. Viza haijatoka. Wanataka tuthibitishe kwamba tutarudi: barua za kazi, taarifa ya benki, mambo ya kutufunga hapa. Nilipeleka vyote, na nilipokuwa nikivipanga nilimfikiria bibi, ambaye angeshangaa kwamba watu wenye ofisi kubwa hivyo wameuliza swali lake na hawakuuliza habari za mbuzi. Nikiamka alfajiri bado nagusa vitu kwa zamu katika akili: pasipoti, dawa ya homa ya mtoto, kichwa cha binti yangu.

Boma la rafiki wa bibi halipo tena. Pale pamejengwa duka la saruji na mabati, na mikoma iliyotupa kivuli imekatwa. Rafiki mwenyewe alimfuata bibi kaburini. Maji ya foleni siku hizi huletwa kwa bomba, nashukuru, na hakuna mtoto anayelala juu ya dumu. Nyumba ya jirani kule kambini wanakaa watu wengine, ambao nao wana majina kwenye orodha fulani. Nimekuwa nikitafuta mtu wa kumwachia kitu Lodwar, na nimegundua jinsi mtu anavyoweza kuishi mjini miaka mingi, akalipa kodi na kusalimiana na kila mtu, bila kuwa na mlango mmoja unaomngoja.

Ndipo nikamkumbuka yule binti aliyeposwa kwa nyama ya mbuzi wetu. Sasa ni mama mtu mzima, ana wajukuu, anakaa upande wa Kanamkemer, hapa hapa Lodwar, na anauza vikapu. Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la mifugo na watoto. Binti yangu ndiye aliyechagua, dume wa rangi ya majivu, ingawa masikio yake si meupe. Tulimpeleka tukimvuta kwa kamba, mdogo akilia kwa sababu alitaka kumpanda. Yule mama alimpapasa mgongo, akauliza amwekee mpaka lini. Nikamwambia mpaka tutakaporudi.

Alimfunga karibu na mlango, akatuletea chai. Sikumwambia asimchinje.